Tarakimu Ishirini Ukutani

Anayeingia Wazo, Dar es Salaam, kutoka Barabara ya Bagamoyo hukutana kwanza na kiwanda cha saruji, ambacho kimekuwa kikisaga mawe ya chokaa ya kilima kile tangu 1966. Kisha huja yale ambayo saruji imeyazaa: matofali yaliyoanikwa kando ya njia, mapagale yenye mihogo iliyoota sebuleni, nyumba zilizohamiwa kabla ya plasta, fremu za maduka mfululizo hadi Madale. Nyumba hizo hazilingani kwa lolote, ila kila iliyokwisha kuvutiwa umeme ina kompyuta ambayo hakuna mtu anayeiita kompyuta. Haina kioo cha kupangusa, haina picha, haimwombi mtu aisasishe. Imefungwa ukutani au juu ya nguzo, inahesabu umeme usiku na mchana, na uniti zikiisha inakata bila kumwonea mtu haya. Ni mita ya LUKU, ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika.

Mhadhara huu unahusu kazi ya watu wanaotengeneza kompyuta za namna hiyo, zile zinazofichwa ndani ya vifaa vingine: kwenye mita, kwenye laini ya simu, kwenye mashine ya risiti ya muuza vipuri, kwenye kisanduku kinachomchunga dereva wa basi. Fundi wake anashika koleo kwa mkono mmoja na kibodi kwa mwingine. Makosa yake hayarekebishwi kwa kubonyeza kitufe, kwa sababu kifaa kimeshafungwa kwa skrubu na lakiri kwenye nyumba ya mtu Mivumoni. Hoja ya mhadhara ni moja: katika vitongoji kama Wazo, Bunju, Mbagala au Chamazi, waya unaounganisha kompyuta mbili mara nyingi ni mtu, na chochote ambacho mbunifu amekibana kwenye chipu kitalipwa siku moja na vidole vya mtu huyo.

Tuanze na mpangaji aliyenunua umeme wa shilingi 10,000. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kuongezwa kodi na tozo, anapata uniti 28.1. Kila mtu Dar es Salaam anaijua hiyo 28.1 kama anavyojua nauli ya daladala. Ujumbe unaingia kwenye simu ukiwa na tarakimu 20, naye anakwenda kwenye rimoti ya LUKU, kile kibao cha vitufe cha mita, anaziingiza nne nne, anabonyeza kitufe cha mwisho na kungoja. Taa zinawaka. Hapo hakuna mtandao uliotumika kati ya simu na mita. Mita haina laini, haina Wi-Fi, na haijui kama TANESCO, shirika la umeme, ipo.

Sasa tuzifungue zile tarakimu. Zikigeuzwa kuwa sifuri na moja zinatoa biti 66. Biti 2 zinataja aina ya tokeni. Biti 4 zinasema ni ya huduma gani, maana mpango huohuo unaweza kuuza hata maji na gesi. Biti 4 nyingine ni za kubahatisha tu, ili tokeni mbili za kiasi kimoja zisifanane. Biti 24 zinabeba dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, 16 zinabeba kiasi cha umeme kwa sehemu za kumi za uniti, na ndiyo maana risiti inaishia kwenye desimali moja. Biti 16 za mwisho ni za kukagua kama kuna tarakimu iliyoharibika njiani. Kisha mzigo huo unafungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita hiyo peke yake. Tokeni ya jirani ikiingizwa kwako, mita yako inaifungua kwa ufunguo usio wake, inakuta takataka, inaikataa.

Mpango huu ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati shirika la Eskom lilipokuwa likipeleka umeme kwenye vitongoji ambavyo ubaguzi ulikuwa umeviacha gizani. Baadaye ukawa kiwango cha kimataifa, na mita za viwanda mbalimbali zikaanza kuelewa tokeni za aina moja. Tanzania iliupokea katikati ya muongo huohuo. Wakati huo umeme ulinunuliwa dirishani na mteja akarudi nyumbani na kikaratasi mfukoni. Ilipofika 2008 huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ikaanza nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya, na polepole kikaratasi kikawa ujumbe wa simu. Biashara nzima ya kuuza umeme ilihama kutoka dirishani kwenda mfukoni, na mita haikubadilishwa hata nukta moja. Ni vifaa vichache duniani vinavyoweza kujisifu hivyo.

Siri yake ni kwamba akili nyingi iliwekwa upande wa seva, na mita ikaachiwa mambo machache inayoyafanya vizuri. Uthibitisho ulikuja Agosti 2021, serikali ilipoamua kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hakuna fundi aliyepanda ngazi. Seva ilikata kodi kwanza, fedha iliyobaki ikageuzwa uniti, na mita ikapokea tokeni kama siku zote bila kujua kuwa imekuwa mkusanya kodi. Kwa fundi wa vifaa hilo ni jambo la kustaajabisha. Kwa mpangaji wa Tegeta aliyejikuta analipia jengo lisilo lake kwa sababu mita iko chumbani kwake, lilikuwa jambo jingine kabisa, na mabishano na mwenye nyumba yaliendelea mwezi hadi mwezi.

Nyumba za wapangaji zinastahili mhadhara wake. Mita moja, vyumba sita, friji mbili, pasi ya fundi cherehani na mtu mmoja anayelala na feni. Mchango wa LUKU ni chanzo kikubwa zaidi cha ugomvi kuliko choo. Ndiyo maana siku hizi mafundi wanafunga sabumita, mita ndogo za kila chumba zinazosomwa kwa macho mwisho wa mwezi. Mita rasmi inahesabu umeme wa nyumba, haihesabu haki ya chumba. Kijana anayetafuta kifaa cha kubuni hana haja ya kwenda mbali: asimame kwenye korido ya nyumba kama hiyo siku umeme unapokatika usiku na kila mtu anadai zamu yake ya kununua imeshapita.

Ubaya wa kuweka akili upande mmoja nao ulionekana 2021, mwezi Mei, pale mfumo wa kuuza LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa. Mitambo ilikuwa inazalisha, nyaya zilikuwa nzima, mita zilikuwa nzima, lakini hapakuwa na wa kutengeneza tarakimu 20. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO wakiwa na fedha mkononi. Waliokuwa na uniti za akiba hawakusikia kitu, na hilo halikosi fundisho la kiufundi: mita iliendelea kutoa umeme kwa sababu haikuhitaji kumwuliza mtu ruhusa kila saa. Ingekuwa imeundwa kama programu nyingi za simu za leo, zinazoshindwa kufunguka mpaka zisalimiane na seva, mji mzima ungelala giza siku ya kwanza.

Turudi kwenye zile biti 24 za wakati, kwa sababu hapo ndipo deni lilipojificha.

Mbunifu alihitaji njia ya kuzuia tokeni moja isitumike mara mbili. Aliamua kila tokeni ibebe idadi ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Mita inakumbuka tokeni za karibuni ilizopokea na inakataa iliyokwisha tumika au iliyo kuukuu mno. Haihitaji hata saa ndani yake, maana inalinganisha namba tu. Lakini biti 24 zinabeba namba 16,777,216 na si zaidi. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku na utapata siku 11,650 na ushei, yaani karibu miaka 32. Namba ya mwisho iliangukia 24 Novemba 2024, saa 2 na robo usiku. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita inaona kila tokeni mpya kama karatasi ya zamani inayotaka kupenyezwa tena.

Mbunifu alijua, na dawa aliiweka mapema: mita hupewa ufunguo mpya, inasahau tokeni za nyuma, na kuanza kuhesabu kutoka 1 Januari 2014. Tatizo ni kwamba mita haina mtandao. Ufunguo huo ulipaswa kufika kwa njia ileile inayofika umeme, yaani vidole. Kwa hiyo mwaka 2024 wateja wa TANESCO waliponunua umeme walikuta ujumbe wenye mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya ufunguo, la tatu ndilo la umeme, na walipaswa kuyaingiza kwa mpangilio huo. Tarakimu 60 kwenye rimoti yenye vitufe vilivyochakaa, pengine kwa mwanga wa tochi, kwa bibi ambaye miwani yake ilivunjika mwaka juzi. Mabibi wengi waliita wajukuu. Wengine walidhani ni utapeli mpya wa mtandaoni, na ukizingatia jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinazozunguka nchini, nani awalaumu?

Kazi ile ilifanyika katika nchi nyingi zinazotumia kiwango hicho, mamilioni ya mita, mkono kwa mkono. Mbunifu angeongeza biti 4 tu mwaka ule wa mwanzo, tokeni zingedumu zaidi ya miaka 500. Lakini biti 4 zingeongeza tarakimu moja au mbili kwenye kila ununuzi wa kila mteja kwa miaka 30, na huenda mteja angechagua kulipa mara moja kuliko kulipa kidogo kidogo kila wiki. Ni uamuzi unaoweza kutetewa. Lisiloweza kutetewa ni kuufanya bila kujua kuwa kuna mtu upande wa pili wa hesabu.

Hesabu za aina hiyo zimejaa pia kwenye simu, tena simu ya kawaida, kitochi. Nokia 1100 ilipotoka 2003 ikiwa na tochi kichwani na kibodi iliyozibwa vumbi lisiingie, wabunifu wake walikuwa wamewaza nchi kama hizi, na simu ndogo za baadaye zilirithi tochi ile. Kitochi hakina duka la programu. Huduma zote za fedha zinapitia menyu za namba kama *150*00#, na kila ukurasa wa menyu hiyo una nafasi ya herufi 182, basi. Mwandishi wa programu anayeandika "Ingiza namba ya kumbukumbu ya malipo" ameshatumia herufi 36, karibu sehemu ya tano ya ukurasa, kabla hajatoa chaguo hata moja. Ukurasa ukijaa, mteja anapelekwa wa pili, wa tatu, na mtandao una subira yake. Akichelewa kutafuta namba kwenye kikaratasi, menyu inafungwa, anaanza upya. Ufupi wa Kiswahili kwenye menyu hizo, ambao wapenda sarufi huulalamikia, umetokana na hesabu hiyo.

Ujumbe mfupi nao una mtego unaowala wageni wa kazi hii. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160 mradi zote zimo katika orodha ya zamani ya mitandao ya simu. Kiswahili kina bahati, herufi zake zote zimo, hata kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo. Lakini mtu akiandika maneno yake kwenye programu ya ofisini, ambayo hupenda kukipinda kialama kile ili kipendeze, kisha akayanakili kwenye mfumo wa kutuma, kialama kilichopindwa hakimo kwenye orodha. Ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Tangazo moja la chanjo ya ng'ombe kwa wafugaji elfu kadhaa linageuka jumbe mbili au tatu kwa kila mfugaji, na bili inakuja ikiwa imezidishwa. Mhasibu atatafuta mwizi ofisini. Mwizi ni alama isiyozidi ukubwa wa kiroboto.

Hata ile laini yenyewe ni kompyuta. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, programu yake ilikaa ndani ya kadi ya laini na si kwenye simu, ndiyo maana ilifanya kazi kwenye simu ya bei yoyote. Gharama yake ilikuwa kuwabadilishia laini wateja waliokuwa na kadi za zamani. Na namba ya utambulisho wa simu, ile inayoonekana ukibonyeza *#06#, ina tarakimu 15, na ya mwisho ni ya kukagua zile 14. Namba ya mita ya LUKU yenye tarakimu 11 inatumia ukaguzi uleule, uliobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950: ukikosea tarakimu moja, mfumo unagundua kabla fedha haijatoka. Tarehe 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, wengi Kariakoo waligundua kwa uchungu kwamba simu waliyoinunua kwa bei ya kutupa ilikuwa na namba ya kubuni.

Mashine za risiti za mamlaka ya mapato, TRA, zilizoingia 2010, na visanduku vya kufuatilia mabasi vinavyosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vinafuata njia nyingine: vina laini ndani, vinaongea vyenyewe. Mtandao ukikatika huweka kumbukumbu na kutuma baadaye. Dereva anatambulishwa kwa kitufe cha chuma anachokigusisha kabla ya kuondoka, na akivuka mwendo kifaa kinapiga kelele mpaka abiria wa kiti cha nyuma ajue.

Swali la kama kifaa kiwe na laini au kitegemee mtu limezigawa kampuni za sola za Afrika Mashariki tangu mwanzo wa muongo wa 2010. M-KOPA ya Nairobi iliweka laini ndani ya kisanduku cha sola: mteja akilipa kwa M-Pesa, kisanduku kinafunguka chenyewe, na kampuni inaona betri inapoanza kuchoka. Off-Grid Electric, iliyoanzia Arusha na baadaye kuitwa ZOLA, ilimtumia mteja namba za kuingiza. Laini inakula umeme ambao betri ndogo haina wa kugawa, inalipiwa kila mwezi, na inahitaji mnara ulio karibu. Namba hazihitaji lolote kati ya hayo, lakini kampuni haijui kama taa ya mteja inawaka au imeshageuzwa kigoda. Baadaye Solaris Offgrid, waliokuwa wakifanya kazi Tanzania, walitoa bure mfumo wao wa OpenPAYGO Token ili kiwanda chochote kiutumie. Tokeni zake ni za tarakimu 9, na badala ya kubeba dakika zinahesabu ni tokeni ya ngapi. Hapo hakuna 1993 wala 2024.

Tarakimu 9 badala ya 20 ni heshima kwa vidole. Usalama wake unategemea kisanduku kukataa kubahatishwa mara nyingi mfululizo, na kwa taa tatu na redio hilo linatosha. Kwa gridi ya taifa lisingetosha.

Sasa twende mezani kwa fundi mwenyewe. Kijana wa Wazo anayetaka kutengeneza kifaa cha kupeleka taarifa za tangi la maji kwa ujumbe wa simu atanunua Kariakoo kibao cha Arduino au ESP32 na modemu ndogo ya SIM800L, ataviunganisha kwenye bredibodi, na programu itakwenda vizuri mpaka pale modemu inapotaka kutuma. Hapo kifaa kinazima na kuwaka upya, kisha kinajaribu tena, kinazima tena. Atapekua programu yake usiku kucha akitafuta kosa ambalo halimo. Kosa liko kwenye umeme. Modemu ya mtandao wa 2G haitumi mfululizo; inarusha vipande vya mikrosekunde 577, takriban mara 217 kwa sekunde, na katika kila kipande inaweza kuvuta hadi ampea 2. Ile "trrr-trrr" inayosikika kwenye redio kabla simu haijaita ni mapigo hayohayo. Waya mwembamba wa bredibodi hauwezi kupitisha mkupuo huo, volti zinashuka chini ya 3.4 na modemu inakata roho. Dawa ni kapasita kubwa, mikrofaradi 1,000 au zaidi, iliyochomelewa karibu kabisa na miguu ya modemu, na waya mfupi mnene. Gharama yake haifiki chupa ya soda.

Akishavuka hapo atakutana na kumbukumbu inayochakaa. Chipu ya ATmega328P, iliyo kwenye Arduino nyingi, ina sehemu ndogo ya kuhifadhi data isiyopotea umeme ukikatika, na kiwanda kinaidhamini kwa maandiko 100,000 kwa kila seli. Inasikika kama namba kubwa. Kijana akiamua kuhifadhi kiasi cha maji kila dakika mahali palepale, atakuwa ameimaliza dhamana hiyo kwa siku 69. Kifaa kitafanya kazi siku ya maonyesho, kitapigiwa makofi, kisha miezi kadhaa baadaye kitaanza kusema uongo taratibu. Mafundi wazoefu huzungusha maandiko kwenye seli nyingi, au husubiri: wanaweka sakiti inayohisi umeme unaanza kuanguka, na katika zile milisekunde chache kapasita inazoweza kushikilia, programu inaandika hesabu yake mara moja na kufa ikiwa na amani.

Kisha kuna joto. Kapasita nyingi za bei ya kawaida zimeandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua zinaongeza umri mara mbili. Kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye bati lililo juani kinaweza kufika nyuzi 65 ndani, na hapo saa 2,000 zinakuwa 32,000, miaka 3 na miezi kadhaa. Kisanduku hichohicho kikiwekwa kivulini na kubaki nyuzi 45, hesabu inatoa zaidi ya miaka 14. Hakuna programu itakayompa mtu miaka kumi kwa urahisi kama huo wa kuhama ukuta mmoja.

Wazo ina ya kwake pia: vumbi la saruji na la barabara, linalopenda unyevu, pamoja na upepo wa chumvi kutoka Kunduchi na Mbweni. Vikikutana juu ya sakiti vinatengeneza njia za umeme pasipotakiwa. Kupaka vanishi maalumu juu ya sakiti na kuziba matundu kunasaidia dhidi ya vumbi, na kunasaidia zaidi dhidi ya mjusi, ambaye hupenda joto la kisanduku na hufa akiwa amegusa nyaya mbili.

Juu kilimani, kiwandani, hali ni tofauti na masharti ni makali zaidi. Tanuri la kuchomea malighafi ya saruji hufika takriban nyuzi 1,450, na gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam 2004 kiwanda kiliunganishwa nayo. Tanuri hilo lazima liendelee kuzunguka hata mtambo ukisimama, la sivyo chuma chake hupinda kwa uzito na joto. Kompyuta zinazosimamia mitambo ya namna hiyo ni za ukoo uliobuniwa Marekani 1968 kwa ajili ya viwanda vya magari, na zina saa ya mlinzi ndani: programu isipoigusa kila baada ya muda mfupi kuonyesha kuwa iko hai, saa inaiwasha upya. Kijana wa tangi la maji anayo saa hiyohiyo ndani ya chipu yake ya bei chee. Wengi hawaiwashi.

Mafunzo ya haya yote yanapatikana. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza 1957 kama shule ya ufundi na kupewa jina la sasa 1997, imefundisha mafundi wa elektroniki kwa vizazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya teknolojia ya habari pale Kijitonyama. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina shahada ya uzamili iliyotengwa kwa ajili ya mifumo hii ya vifaa na simu, chini ya kituo cha umahiri cha Afrika Mashariki kilichojengwa kwa ushirikiano na Wajerumani. Pengo liko baada ya chuo: kifaa chenye redio kinahitaji idhini ya TCRA, na kinachopima kitu cha kuuzwa kinapaswa kupita kwa Wakala wa Vipimo, wenye kituo Misugusugu, Kibaha, cha kuhakiki dira za maji. Mhitimu aliyefundishwa kuunda lakini hakuwahi kuona fomu ya uhakiki huishia na kifaa kizuri kilichofungiwa kabatini.

Sasa mita janja zinaanza kuingia, zinazoongea na seva zenyewe. Bibi wa tarakimu 60 atapumzika, na TANESCO itaona nyumba iliyokatika umeme kabla haijapigiwa simu. Mita zilizopewa ufunguo mpya 2024 nazo zinaendelea, na hesabu yao itafika mwisho tena 24 Novemba 2045. Katika mita janja tarehe ya mwisho haiko kwenye biti. Iko mikononi mwa kampuni ya simu. AT&T ilipozima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa 2017, mabasi mengi ya San Francisco yalitoweka kwenye vibao vinavyowaonyesha abiria basi liko wapi, kwa kuwa modemu zilizokuwa ndani ya mabasi zilikuwa za mtandao huo. Mabasi yalikuwa barabarani kama kawaida. Anayeandika zabuni ya mita za Wazo na Temeke ana maswali mawili ya kumwuliza muuzaji kabla ya bei: kama modemu inaweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kung'oa mita nzima, na kama vitufe vya kuingizia tarakimu 20 vimebaki mahali pake.